Nilivyomwonjea Mwanangu

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili kaninunulia binti yangu leo asubuhi, jalada gumu kama la mwalimu mkuu. Kasema, "Mama, kila utakachoonja andika humu kabla ulimi haujasahau, halafu utanisomea." Nikamwambia ulimi wangu hausahau. Umeonja majungu ya watoto mia sita kwa miaka thelathini, shule ya bweni, na hakuna siku sahani ilirudi na chakula. Kasema, "Najua, mama. Andika tu."

Basi naandika. Niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu unamshinda daktari aliyemwandikia binti yangu dawa.

Jambo lenyewe ni hili. Binti yangu ni mwandishi wa gazeti. Si wa kubahatisha. Kila Jumamosi ana ukurasa wake mzima, unaitwa "Tule Wapi?", na picha yake juu pembeni, kainamisha kichwa kidogo kama marehemu mama yangu. Anauzunguka mji huu kutafuta vibanda vya chakula kizuri, vile mtu wa kawaida anavyovimudu, na hasa vya watu waliotoka mbali wakaja na mapishi ya kwao. Watu wanausoma ukurasa huo kabla ya habari za serikali. Nyumbani nimebandika kila toleo ukutani, mpaka baba yake analalamika hana pa kutundika koti.

Wiki tatu zilizopita alishikwa na homa. Homa imekwisha, lakini imeondoka na ladha na harufu. Nimekata kitunguu chini ya pua yake, hakuna kitu. Nimempa siki kijiko kizima, kameza kama maji. Daktari anasema itarudi, lini hajui. Na gazetini hajamwambia mtu. Kuna mwandishi wa michezo anayeutamani ukurasa ule kama fisi anavyotamani mfupa, na mhariri akisikia mwenye ukurasa hasikii hata chumvi, umekwenda.

Ndiyo maana niko hapa, mvua imeanza, na nimewaacha kuku wangu na mume wangu walishane wenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Kazi ya kwanza. Nyuma ya mafundi redio, uchochoroni, kuna ndugu watatu waliotoka nchi kavu ya mbali. Wana tanuri la udongo lililochimbwa chini kama kisima, na mkate wanaubandika kwenye ukuta wa tanuri kwa mkono mtupu. Nilisimama pale na mwavuli nikasahau kuufungua.

Nilipouma, binti yangu akanikodolea macho kama anasubiri matokeo ya mtihani.

"Ehe?"

"Ngoja nimeze."

"Mama, watu wanatuangalia."

"Waache waangalie, hawajawahi kuona mpishi?"

Nikamwambia: nje unavunjika kama jani kavu, ndani laini, chumvi wameiyeyusha kwenye maji ya kukandia wala hawakuitupa kwenye unga. Na moshi upo, lakini moshi wenye adabu, unabisha hodi kwanza. Akaandika mbiombio, kisha akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu nije.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Tumeshinda ndani. Nimepanga kabati lake la vyombo mara mbili.

Jumamosi, 8 Machi

"Moshi wenye adabu" umetoka gazetini! Neno kwa neno! Nimempelekea jirani wa mlango wa pili, nikamsomea akiwa na sabuni mikononi. Sikumwambia maneno ni ya nani. Nilimwambia tu kwamba mtoto hurithi.

Jumanne, 11 Machi

Leo mtu na mkewe, wazee, wanauza tambi katika supu kwenye chumba kilichokuwa duka la vioo. Wametoka mbali sana, na maneno yetu wanayajua matatu: kula, tamu na bado. Yanawatosha. Nilipotaka kulipa mzee akasema "bado," akaniongezea supu. Nilipomaliza akaniuliza "tamu?" nikamshika mkono mkewe. Supu ile mifupa yake imelala motoni tangu jana, na juu kuna mafuta membamba, vitone, si ziwa.

Binti yangu alikula kichwa chini. Njiani akasema, "Ni kama kutafuna kamba ya joto, mama." Nikamshika kiwiko.

Ijumaa, 14 Machi

Miguu inauma. Vibanda vinne leo. Kimoja tu kinafaa.

Alhamisi, 20 Machi

Mhariri kampigia simu. Kamwambia siku hizi unaandika kama mtu anayepika, barua za wasomaji zinamiminika. Binti yangu alisema asante, asante, huku ananitazama, na mimi nikaenda kusugua sufuria iliyokuwa safi. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi si mgema.

Jumapili, 23 Machi

Baba yake kapiga simu.

"Unarudi lini?"

"Mwanao anafanya kazi hapa."

"Mbona mimi nasikia wewe ndiye unayekula?"

Nikamkatia.

Ukweli ni kwamba siwezi kukaa. Alfajiri nimeshavaa viatu. Nikiona moshi unatoka popote mjini hapa nataka kujua nani anapika nini.

Jumatano, 2 Aprili

Leo tulikwenda nyuma ya kituo cha mabasi, kwa mwanamke wanayemwita Mama Maharage. Hana kibao. Ana turubai la bluu, mabenchi matatu na majungu mawili. Alivuka mpaka kuja huku miaka mingi iliyopita, lakini bado anaongea kama anaimba. Anapika kitu kimoja tu, maharage. Nikajisemea, hapa sasa umemfikia mwenyewe. Kwa maharage hakuna wa kunifundisha.

Benchini alikuwepo fundi viatu, kibanda chake kiko hapo hapo. Akaniambia, "Bibi, ukionja haya utahamia hapa."

"Mwanangu, mimi nimepika maharage ya watoto mia sita."

Mama Maharage akageuka na upawa. "Mia sita! Pole, dada."

Benchi zima likacheka. Na mimi nikacheka.

Akatupakulia. Binti yangu akala. Akamaliza. Akaomba tena! Yeye asiyesikia ladha! Akamwambia yule mama, tena kwa sauti, "Yanayeyuka. Mimi tangu utotoni nilidhani maharage lazima maganda yakwame kooni."

Tulipotoka akaniuliza, "Ehe?"

"Yameungua."

"Yameungua?"

"Chini. Ameficha kwa vitunguu, lakini yameungua."

"Mbona yule fundi viatu anakula kila siku?"

"Fundi viatu ananusa gundi mchana kutwa, atajua nini?"

Akaandika.

Yameungua kidogo. Chini kabisa. Mtu asiyejua majungu hawezi kusikia.

Jumamosi, 5 Aprili

Ukurasa umetoka. "Jungu Lililoungua Nyuma ya Kituo." Maneno yangu yote yamo. Kwa jirani sikwenda, mvua ilikuwa kubwa.

Jumanne, 8 Aprili

Nimekwenda sokoni kwa njia ya kituo cha mabasi. Ni mbali kidogo lakini matope ni machache. Mabenchini walikuwa watu wawili.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimepita tena kituoni. Matope ni yale yale.

Jumatatu, 14 Aprili

Samaki wa kukaanga, kwa vijana wa visiwani. Binti yangu kauliza, nikasema wazuri.

"Wazuri vipi?"

"Wazuri tu. Samaki si samaki?"

Akanitazama, kalamu hewani. Usingizi sina. Mvua inapiga bati tangu Ijumaa na jirani ana redio isiyozimwa.

Alhamisi, 17 Aprili

Nilidhani mwavuli umenificha uso.

"Dada! Dada wa mia sita! Ingia, mvua itakula."

Chini ya turubai alikuwa fundi viatu peke yake, na hakuwa anakula, anashona. Mama Maharage akanifutia benchi kwa khanga yake. Akakaa karibu, akashusha sauti.

"Siku ile ulikuja na binti wa gazeti. Ni mwanao?"

"Ni mwanangu."

Maisha yangu yote sijawahi kusema neno hilo nikaishia hapo.

"Sina ugomvi naye. Kazi ni kazi. Nataka kukuuliza wewe, kwa sababu wewe ni mpishi. Liliungua kweli?"

Nikatazama maji yanavyotiririka kwenye ukingo wa turubai.

"Maana mimi sikusikia," akasema. "Nilionja asubuhi ile kama kawaida, sikusikia kitu. Sasa kila siku naonja mara kumi. Nanusa. Najiuliza, hapa pana moshi au ni mawazo yangu? Juzi nimemwaga jungu zima mferejini. Jana tena. Huyu shemeji anasema mazima, lakini huyu atakula chochote."

"Nakula chako tu," akasema fundi viatu bila kuinua kichwa.

"Nasikia kuna homa inaondoka na ladha ya mtu. Niliumwa kidogo mwezi ule. Dada, huenda imenishika na mimi?" Akachota kwa upawa, akanisogezea. "Nionjee."

Nikaonja.

"Ni mazima," nikasema.

"Kweli?"

"Mazima."

"Basi siku ile ilikuwaje?"

Nikasema nimechelewa. Nimetembea mpaka nyumbani mwavuli ukiwa umefungwa kwapani.

Ijumaa, 18 Aprili

Naandika hili na sitamsomea mtu.

Hayakuungua. Hayakuungua juu wala chini. Ni maharage mazuri kuliko yote niliyowahi kutia mdomoni, na yangu yamo katika hesabu hiyo. Nilijua kwa kijiko cha kwanza. Nikasikia kama mtu amenivua kitambaa cha kichwa mbele ya watu. Miaka thelathini najisifu, walimu wananisifu, kumbe walimu walikuwa na njaa. Na mwanangu, niliyemlea kwa jungu lile, hakuwahi kuyapenda, na hakuniambia. Amemwambia mwanamke wa barabarani.

Nilimwona yule mama ana maringo. Nimekaa naye jana, hana maringo yoyote. Ana mikono iliyoungua mpaka kwenye viwiko kama yangu.

Nimempigia baba yake.

"Baba nanii, maharage yangu yakoje?"

"Kwa nini?"

"Jibu."

"Nimeyazoea."

"Miaka thelathini na mitano unayala!"

"Ndiyo maana nimeyazoea."

Nimezunguka chumba hiki mpaka jirani wa chini kagonga dari yake kwa fimbo ya ufagio. Mimi nilimnyang'anya yule mama ulimi wake. Homa ilimchukulia mwanangu wake bila kukusudia. Mimi nilikusudia.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimemwambia mwanangu. Alikuwa anapiga pasi blauzi ya kazini.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Kwa nini, mama?"

"Alinipa pole mbele ya watu. Na wewe ukala sahani mbili."

"Sahani mbili!" Akakaa kitandani. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Mimi sina ulimi, mama. Nilichukua wako nikautia kinywani mwangu bila kuukagua, kwa sababu ni wako. Sasa kila nilichoandika tangu Machi sijui kama ni kweli. Hata ule mkate."

"Mkate ni kweli! Naapa!"

"Nitajuaje?"

Nikamwambia aandike kwamba mama yake ni mwongo, aweke na picha yangu kubwa, watu wanicheke mimi.

"Na wakiniuliza kwa nini mama yangu ndiye aliyekuwa anaonja?"

Akiirekebisha habari, atajifichua. Asipoirekebisha, yule mama ataendelea kumwaga chakula kizima mferejini. Harufu ya kitambaa kinachoungua ikaanza kupanda. Mimi niliisikia, nikakimbilia pasi. Yeye hata hakugeuka.

Jumatatu, 21 Aprili

Amekwenda kwa mhariri mwenyewe, bila mimi. Nimesimama dirishani mpaka kioo kimepata ukungu wa pumzi yangu. Amerudi amelowa.

"Nimesema yote. Jumamosi hii ni ya mwisho. Baada ya hapo ukurasa ni wa mwandishi wa michezo mpaka ladha irudi. Ikirudi."

"Amekasirika?"

"Kasema afadhali hakuna aliyeharisha."

Nikataka kucheka. Yeye hakucheka, akaingia kuoga.

Jumanne, 22 Aprili

Sikutaka yule mama alisome gazetini kabla sijamwambia kwa mdomo wangu. Nimekwenda asubuhi. Alikuwa anakoroga.

"Hukuunguza," nikamwambia. "Ulimi wako ni mzima, haujapata homa yoyote. Mimi ndiye niliyemwambia mwanangu yameungua, na nilijua hayajaungua. Ulikuwa wivu."

Akaendelea kukoroga, nikadhani mvua imemeza maneno.

"Unajua nimemwaga majungu mangapi?"

"Mawili."

"Matano. Mengine niliona aibu kukwambia."

Fundi viatu akarusha nyundo yake juu ya benchi. "Nilisema mimi! Nilisema ni mazima, nikaambiwa nakula chochote!"

"Shemeji, nyamaza." Akanigeukia. Macho yalikuwa mekundu, na si kwa moshi. "Mdogo wangu nimemrudisha nyumbani. Hapakuwa na kazi ya watu wawili. Wewe unajua kazi ya jungu, tena ya mia sita, na ukanifanyia hivi."

"Najua."

"Ndiyo. Unajua. Mwingine ningemwita mjinga nikamsamehe." Akagonga mwiko kwenye ukingo wa jungu. "Kesho asubuhi njoo uchambue maharage. Ukae alipokuwa anakaa mdogo wangu, mpaka wateja warudi nimwite. Na atakayekuja kuuliza kama hapa ndipo palipoungua, umjibu wewe. Mimi mdomo wangu umechoka."

Jumamosi, 26 Aprili

Ameandika: "Tangu Machi sijaonja chochote nilichowasifia. Homa iliondoka na ladha yangu, nikaazima ulimi wa mtu nikaweka jina langu. Maharage ya nyuma ya kituo hayakuungua. Nimemkosea aliyeyapika. Msiniamini mimi, nendeni mkaonje wenyewe."

Hajasema ni nani aliyedanganya. Hajanitaja. Nimeusoma mara nne nikijitafuta.

Ndani ya nyumba ananiamkia vizuri, ananimiminia chai, basi. Tukila hakuna anayemuuliza mwenzake chakula kikoje.

Jumatano, 30 Aprili

Kuchambua tangu alfajiri. Leo wamekuja watu tisa wapya, gazeti mkononi.

"Hapa ndipo palipoungua?"

"Hapakuungua. Mimi ndiye niliyesema, na nilisema uongo. Kaa ule."

Mara ya kwanza, juzi, nilijibu kwa kunong'ona. Leo natangaza kama muuza magazeti, na fundi viatu anaitikia, "Kweli kabisa!"

Nimeona anavyofanya. Analoweka usiku kucha, anamwaga maji ya kwanza, na chumvi hatii mpaka yaive kabisa. Mimi miaka thelathini nimetia chumvi mwanzoni. Watoto wangu mia sita, popote mlipo, nisameheni.

Jumamosi, 3 Mei

Ukurasa wa mwandishi wa michezo. Kaandika kwamba supu "ilicheza vizuri kipindi cha pili." Binti yangu alinisomea kwa sauti, akacheka mpaka akakohoa, kisha akakumbuka kwamba hajanisamehe, akakunja gazeti.

Alhamisi, 8 Mei

Jua tangu asubuhi. Turubai limekauka, mabenchi yamejaa, wengine wamesimama. Mdogo wake Mama Maharage amerudi kazini, kwa hiyo leo nilikuwa nakabidhi ungo tu. Kesho kutwa narudi kwa mume wangu.

Saa sita nikamwona binti yangu anakuja, anaruka madimbwi. Hajakanyaga hapa tangu siku ile. Akamwamkia Mama Maharage kwa magoti, kabisa, mbele ya watu. Yule mama akamwinua kwa kiwiko, akamwambia, "Kaa, mwanangu, nafasi ipo," na nafasi haikuwepo, ikabidi fundi viatu asimame.

Akapakuliwa. Akala vijiko vitatu polepole, anatafuta kitu mdomoni, nikaona hajakipata. Kisha akaisukuma sahani mbele yangu.

"Onja, mama. Uniambie yakoje."

Kila mtu pale anajua kisa. Mama Maharage amesimama na upawa. Na mimi, Mungu ananijua, nilikuwa na sifa zote tayari kwenye ncha ya ulimi. Ningeweza kumsifia mpaka jioni. Nilikuwa na deni la kusifu.

Nikaonja. Nikaonja tena.

"Leo chumvi imepungua," nikasema.

"Bibi!" fundi viatu akapiga kelele. "Umeanza tena?"

Binti yangu hakumsikiliza. Alikuwa ananitazama usoni, kwa muda mrefu, kama anasoma maandishi madogo. Kisha akamgeukia Mama Maharage, na watu wote wakamgeukia.

Mama Maharage akachota kidogo, akapuliza, akaonja. Akafumba macho. Akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, akachukua kopo la chumvi.